Wadogo zangu wa APRS, sikilizeni kwanza ndipo mrushe

Nimechungulia tena jana ramani ya APRS, mfumo wetu wa redio za ridhaa wa kurusha habari fupi kama mahali ulipo: gari limekwama kwenye foleni, linatangaza mahali lilipo kila sekunde 10, njia WIDE7-7, yaani linaomba lirudiwe hatua saba. Wapya wa 5H (Tanzania) na 5Z (Kenya), nafurahi mnavyoongezeka, ila hili tulimalize leo.

1. Masafa ya 144.800 MHz ni ya wote. Kwa kasi ya bodi 1200, pakiti moja (furushi moja la data), pamoja na muda wa redio kuamka, hula karibu sekunde nzima. Kwa WIDE7-7, kila digipita (kituo cha kurudia pakiti) inayokusikia inarudia, nayo inamwamsha mwenzake. Aliye bondeni na wati 5, ambaye ndiye tunayemtafuta, anafunikwa na gari lisilosogea! Gari liwekeni WIDE1-1,WIDE2-1, mwashe SmartBeaconing, inayopanga muda wa kurusha kwa mwendo wa gari: likikata kona lirushe, likisimama linyamaze, nusu saa kwa nusu saa inatosha. Halafu fungueni pakiti ghafi mtafute kinyota: kinakaa baada ya digipita ya mwisho iliyoibeba. Mkiona imefika aigeti (kituo kinachounganisha redio na intaneti) kwa hatua moja, zile sita za nini?

2. Sauti ya kurusha ikizidi, pakiti haisomeki hata kama S-mita, kipimo cha nguvu ya mawimbi, imejaa. Punguzeni.

3. Namba ya kuweka mwishoni mwa jina lenu la redio: gari -9, redio ya mkononi -7.

4. Koordineti za kituo cha nyumbani. Hapa ndipo vijana wanaponichosha. APRS inataka digrii na dakika. Longitudo ya Dar es Salaam, 39.28, ni digrii 39 na dakika 17 (0.28 mara 60), kwa hiyo mnaandika 03917.00E. Kuna kijana aliandika 03928.00E, nyumba ikahamia baharini, kilomita 20 hivi mashariki. Akabadili kebo, akapanda paani kushusha antena, kumbe redio ilikuwa nzima tangu asubuhi. Na S ya kusini kwenye latitudo msiisahau: ukiweka N ya kaskazini, kituo cha Dar kinatokea Ethiopia.

5. Bob Bruninga, jina lake la redio WB4APR, aliyeuanzisha mfumo huu, alisisitiza miaka yote kwamba haukuundwa kwa kufuatilia magari tu. Ni wa kupashana habari papo hapo: meseji, hali ya hewa, mahali kambi ya huduma ya kwanza ilipo. Traka (kifaa cha kurusha mahali ulipo) isiyopokea haisikii kama kuna mtu anarusha, inamkatiza tu. Anayefunga aigeti aifunge ya pande mbili, ili meseji ya intaneti imfikie aliye porini.

Jumamosi jioni nipo hewani. Nitumieni meseji kwa redio, siyo WhatsApp. Nitamjibu kila mmoja.