Skuta ya cc ngapi hukimbia kiasi gani: jibu kwa msafiri wa Mjini hadi Paje

Ndugu yetu ameuliza skuta ya cc ngapi itamfaa kwa safari ya kila siku kati ya Mjini na Paje, mara nyingine akiwa amempakia mkewe, na kama ni kweli alivyoambiwa dukani kwamba ya cc 150 hukimbia mara tatu ya ile ya cc 50. Nimeendesha skuta hapa Unguja kwa miaka mingi, tangu vespa za gia za mkononi hadi hizi za otomatiki, na barabara hiyo naipita mara kwa mara, kwa hiyo ataniwia radhi nikilijibu swali lake kwa urefu.

Si kweli. Cc ni ujazo wa silinda, yaani nafasi inayopitiwa na pistoni katika kupanda na kushuka kwake, wala haipimi mwendo. Vespa ya kwanza, iliyotolewa na Piaggio nchini Italia mwaka 1946, ilikuwa na cc 98 na nguvu ya farasi 3 na kidogo, na mwisho wake ulikuwa kama kilomita 60 kwa saa. Honda Activa ya siku hizi ina cc 109.5, tofauti ambayo ukiipima kwa petroli haizidi vijiko vya chai viwili au vitatu, lakini injini yake hutoa karibu farasi 8 na kuifikisha skuta kwenye 83 hivi. Kilichobadilika ni jinsi injini inavyovuta hewa, inavyochoma mafuta na kasi inayoweza kuzunguka bila kujiumiza.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawalisemi kabisa, ni upepo. Ukishavuka kilomita 50 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu ya injini haitumiki tena kuubeba mzigo bali kuisukuma hewa iliyo mbele yako, na nguvu hiyo hupanda kwa namna ya kutisha: ukitaka mwendo mara mbili, unahitaji nguvu mara nane. Ndiyo maana Vespa GTS 300, yenye cc 278 na karibu farasi 24, ambazo ni mara tatu ya zile za Activa, huishia kwenye 120 na ushei tu. Nguvu mara tatu, mwendo haujazidi sana hata mara moja na nusu. Kwa hesabu hiyo hiyo, anayetoka cc 110 kwenda cc 125 asitarajie zaidi ya kilomita saba au kumi za ziada.

Kuhusu skuta za cc 50, wengi huzidharau bila kujua kwamba udogo wa injini ni nusu tu ya sababu, kwa kuwa nusu nyingine ni sheria za huko zinakotoka. Ulaya huzifunga zisizidi 45, na Japani, ambako sheria huwataka waendeshaji wake wasivuke 30, watengenezaji walikuwa wakiziwekea kizuizi kinachokata moto wa plagi zikikaribia 60. Skuta iliyotumika ikiletwa hapa huja na vizuizi vyake, ama kwenye umeme, ama pete iliyowekwa ndani ya puli ya mkanda unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la nyuma, na mnunuzi hubaki akilaumu injini. Fundi anaweza kuviondoa, lakini hata hivyo sitamshauri mtu apande cc 50 hadi Paje na abiria nyuma.

Vespa za zamani za cc 150, zile za kuchanganya oili na petroli, hufika 90 zikiwa na afya njema, na bado nazipenda kwa sababu ukipasua tairi unalo la akiba. Skuta za sasa za cc 155, mfano wa Yamaha NMAX, zina farasi kama 15 na hufika 110 au zaidi kidogo. Zile kubwa za cc 500 na kuendelea, kama TMAX na Burgman 650, hukimbia kwa mwendo wa gari, lakini kisiwani petu hazina barabara ya kuzitosha.

Sasa tuje kwenye njia yenyewe. Kutoka Mjini hadi Tunguu kuna nyumba, madaladala na watoto wa skuli, na hapo hata mwenye cc 300 hana la kufanya zaidi ya 50. Jozani kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju wanaovuka barabara, na miti hukukinga. Ukishatoka msituni na kuelekea pwani ya mashariki ndipo injini hujaribiwa, hasa kati ya Juni na Septemba, maana kusi hukupiga usoni. Skuta ya cc 110 iliyokuwa ikikupa 75 kwa raha hushuka hadi sitini na kitu ukiwa na abiria, nawe umeshavuta mafuta hadi mwisho, kwa hiyo gari la watalii likikujia nyuma huna pa kuongezea. Ile ya cc 125 hubaki na akiba kidogo, na ya cc 155 huenda 75 huku mkono wako ukiwa umefungua nusu tu. Mimi huichagua skuta kwa akiba hiyo, wala siulizi mshale unafika wapi. Isitoshe, mshale wenyewe hutengenezwa uzidishe kidogo. Ukiilinganisha na GPS ya simu, 90 ya kwenye mita mara nyingi ni 83 au 84.

Kwa hiyo, kama mke atapakiwa mara moja moja tu, cc 125 inatosha na itakula petroli kidogo. Kama ni kila siku, ongeza fedha uchukue cc 155 yenye breki ya diski mbele, kwani kusimama kutoka 80 huhitaji masafa ya breki mara mbili na nusu ya yale ya kusimama kutoka 50, na uepuke tairi ndogo za inchi 10, maana hazisamehe mashimo.

Ukinunua iliyotumika na ukaona haivuki 70, usikimbilie kulaumu pistoni. Mwambie fundi afungue kava la mkanda upande wa kushoto. Mara nyingi atakuta vumbi jeusi la mpira limejaa humo, mkanda umekonda, na vile vigololi vya puli ya mbele, ambavyo huwa mviringo vikiwa vipya, vimelika upande mmoja hadi vikawa bapa. Vikiwa hivyo puli haifungi hadi mwisho, na injini hulia kwa sauti kubwa bila mwendo kuongezeka. Vibadilishe vyote kwa pamoja, vya uzito ule ule ulioandikwa na mtengenezaji, na mkanda pia, ndipo uipime tena asubuhi mapema kabla upepo haujaanza.