Kwa Mwigizaji Anayeanza: Usiidharau Tamthilia Teule

Vijana wa Nairobi wanaotaka kuishi kwa kuigiza jukwaani huniuliza kwanza watafikaje Kenya National Theatre, jumba lililofunguliwa mwaka 1952 na ambalo heshima yake haijaisha. Jibu langu huwakera kidogo: mwigizaji hukomaa upesi zaidi katika kumbi za kulia chakula za shule za upili, akiigiza tamthilia teule ya Kiswahili, yaani ile inayotahiniwa, mbele ya watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili, kuliko chini ya taa za jumba hilo. Nimeishi kwa kazi hiyo miaka mingi na sioni chuo kinachoishinda.

Anza na sauti. Huko maikrofoni si ya kutegemea, paa ni la mabati, na mvua ikinyesha katikati ya onyesho hakuna atakayekusubiri. Anayepayuka kwa koo huwa amekauka kabla ya shule ya pili, ambayo mara nyingi huigiziwa mchana wa siku iyo hiyo. Vuta pumzi hadi tumboni, elekeza maneno kwa aliyeketi nyuma kabisa, na uzitamke silabi za mwisho kikamilifu, kwa kuwa ndizo zinazomezwa kwanza.

Ukubwa wa kikundi huamuliwa na matatu, gari linalotubeba, kuliko mwelekezi: viti ni 14, na maleba nayo yanahitaji nafasi. Kwa hiyo mtu mmoja hubeba wahusika wawili au watatu. Katika Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea iliyowahi kuwa teule, kwa mfano, ungeweza kuwa Kenga, mshauri wa mtawala Majoka, kisha ukatakiwa kurudi ukiwa Ngurumo, mlevi wa Mangweni. Kubadilisha koti hakutoshi. Badilisha mwendo, uzito wa mabega na kasi ya kusema, la sivyo wanafunzi watakutambua na kuangua kicheko mahali pasipostahili.

Hadhira hiyo, isitoshe, imekisoma kitabu, na wengine wamekifungua mapajani. Ukiruka mstari wanajua. Vipo vikundi vinavyogeuza kila onyesho kuwa vichekesho ili vishangiliwe, na mimi naona huo ni utovu wa adabu ya kazi, kwani mtahiniwa anaweza kuuandika mzaha wako katika karatasi ya mtihani akidhani umo kitabuni. Kicheko halali kikija, kiache kipande juu, kisha ingiza mstari wako kinapoanza kushuka.

Kuhusu malipo, wengi hulipwa kwa onyesho, na mazoezi hayahesabiwi. Kabla ya kukariri chochote, omba mapatano ya maandishi yanayotaja malipo ya mazoezi, nauli, chakula na siku ya kulipwa. Mtihani hufanywa kuelekea mwisho wa mwaka, na shule zikishaufunga mlango kwa ajili yake, miezi ya ukame huanza; weka akiba mapema, na ujifunze kazi ya pili iliyo jirani, kama vile kuingiza sauti katika matangazo au kuandika michezo ya shule.

Ukame mrefu zaidi uko njiani, maana watahiniwa wa mwisho wa mfumo wa zamani wa elimu, 8-4-4, watafanya KCSE mwaka 2027. Shule za upili za mfumo mpya zina mkondo wa sanaa na michezo, ambamo wanafunzi wanaweza kusomea sanaa za maonyesho na filamu. Hao watahitaji kufundishwa kusimama jukwaani, si kutazama tu. Kikundi chenye busara kianze sasa kuandaa mafunzo mafupi ya kuwapelekea walimu wale wale wanaokialika leo.