Chipu ni ileile, kwa nini Blender inagoma kwenye Windows?

Swali: Jambo kaka. Nachora katuni hapa Bukavu. Nimenunua laptopu ya mtumba Kadutu, ina chipu ya picha ya Intel HD 3000 na Windows 10. Blender 2.80, programu ya kuchora katuni za 3D, inagoma kufunguka, inadai OpenGL 3.3. Mwenzangu ana laptopu kama hii yenye Ubuntu, na kwake inafunguka. Je, nimeuziwa mashine mbovu?

Jibu: Hapana, mdogo wangu, mashine ni nzima. Kinachokukwamisha ni draiva, programu inayofikisha amri za Blender kwenye chipu. OpenGL yenyewe ni orodha ya amri tu. Ndani ya uwezo wa chipu, anayeandika draiva ndiye anayeamua zitatekelezwa hadi toleo lipi. Kwa chipu yako, ya mwaka 2011, draiva ya Intel ya Windows iliishia 3.1. Kwenye Linux, mfumo ambao Ubuntu ni aina yake mojawapo, draiva ya chipu hiyohiyo imo ndani ya Mesa, mradi wa msimbo huria, na watu waliendelea kuifanyia kazi hadi ikafika 3.3. Kazi hiyo naiheshimu sana, maana mashine nyingi zinazotufikia huku ni zile ambazo watengenezaji wameshaziacha.

Usiifute Windows kwanza. Weka Ubuntu kwenye flashi, washa laptopu kutoka humo, sakinisha kifurushi cha mesa-utils, kisha andika `glxinfo -B` kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri. Ukiona toleo la OpenGL ni 3.3, mwombe mwenzako akunakilie Blender yake ya Linux. Ni programu huru, inaruhusiwa kabisa. Usimalize megabaiti kupakua mpya: tangu 4.0 ya mwaka 2023, Blender inataka OpenGL 4.3, na HD 3000 haifiki huko kwa draiva yoyote.

Mvurugano huu una chanzo. Microsoft ina orodha yake ya amri za picha, Direct3D, tangu 1996, Apple ikaleta yake, Metal, mwaka 2014 na kuiacha OpenGL kwenye 4.1. Khronos, walezi wa OpenGL, walitoa orodha mpya, Vulkan, mwaka 2016 ili itumike kila mahali, lakini Apple haikuipokea. Kwenye Mac, Vulkan hupitia programu ya MoltenVK, inayoigeuza kuwa Metal. Kwa hiyo usidhani Mac ya zamani itafungua kila programu inayotaka OpenGL au Vulkan.

Ukipata pesa ya kubadilisha, uliza jina la chipu ya picha kabla ya RAM. Intel HD 520, kwa mfano, inafika OpenGL 4.6 kwenye Windows na kwenye Linux, na Vulkan inayo.