Usiende Dubai mwezi wa nane kama mimi

Tiketi ndiyo iliyoniponza. Mwezi wa nane duka langu la Makoroboi, Mwanza, lilikuwa limepoa, nauli ya Dubai ikashuka, na wifi yangu (dada wa mume wangu, si ile ya intaneti) akasema, "Wifi, tusipoenda sasa hatuendi tena." Tukalipa siku hiyohiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini imeshuka.

Sisi watu wa Mwanza joto tunalisikia tu. Tunalalamika kabla ya mvua za vuli, lakini jioni upepo wa ziwa unapanda mpaka Bugando na usiku mtu anavuta shuka. Dubai mwezi wa nane mchana unapita nyuzi 40, na jua likizama hakuna nafuu. Bahari iko jirani, kwa hiyo hewa ni nzito, ukitoka kwenye kiyoyozi saa nne usiku miwani inaingia ukungu. Kama una uhuru wa kuchagua, nenda kati ya Novemba na Machi. Nauli itapanda. Ilipe.

Kosa la pili lilikuwa orodha yetu. Siku ya kwanza tuliandika vitu saba, kama mtu anayepanga mizunguko ya mjini: benki, soko, fundi, nyumbani. Saa saba mchana tulikuwa mtaa wa kale wa Al Fahidi, wifi ameketi chini ya ukuta, hasogei. Kijana mmoja Mkenya aliyekuwa amepumzika kivulini hapo jirani akatusalimia kwa Kiswahili, akatuuliza tunatafuta nini juani. Akatueleza kwamba tangu 15 Juni hadi 15 Septemba sheria ya huko inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa. "Sisi tunaolipwa tunakatazwa. Nyinyi mmelipa wenyewe mje mteseke?"

Jioni ile tulichana orodha tukaandika upya, safari hii kwa saa. Asubuhi na mapema nje, mchana ndani au kitandani, nje tena jua likianza kulegea. Tulipokaa vizuri tukagundua wenyeji wanaishi hivyohivyo: maduka mengi kwenye masoko ya zamani ya Deira, ya viungo na mengineyo, hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri. Hata Al Fahidi yenyewe ilijengwa kwa akili hiyo. Vichochoro ni vyembamba ili kivuli kidumu, na juu ya nyumba kuna minara inayokamata upepo na kuushusha vyumbani. Nyumba za kale za Ghuba ziliezekwa kwa boriti za mikoko zilizobebwa na majahazi kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki. Nilisimama chini ya dari moja nikiitazama kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini.

Mchana panda treni ya metro. Ilianza 2009, haina dereva, na wifi alikaa behewa la mbele kituo baada ya kituo akingoja kumwona. Wanawake na watoto wana sehemu yao, mwanamume akijisahau humo anapigwa faini. Usile wala kunywa ndani. Wifi alishafungua pakiti ya karanga nikamshika mkono, faini yake ni dirham 100 (fedha ya huko). Na beba sweta, maana humo na kwenye maduka makubwa kuna baridi ya kweli.

Burj Khalifa, lile jengo la mita 828, kata tiketi ungali nyumbani na uchague saa. Machweo ndiyo ghali, asubuhi inapungua. Sisi tulifika bila tiketi, tukaishia kulitazama kutoka chini pamoja na chemchemi zinazocheza kwa muziki, ambazo ni bure, na sikujuta sana.

Safari ya jangwani huanza alasiri. Mchana wake kula kidogo. Mimi niliyepanda meli ya Ukerewe ziwa limechafuka bila kutapika, nilitapika ndani ya Land Cruiser ikipanda na kushuka vilima vya mchanga, dereva akacheka kwa adabu.

Fedha: beba dola safi, ubadilishe mjini kuliko uwanja wa ndege. Dirham imefungwa kwenye dola, kwa hiyo dola 100 ni kama dirham 367 kabla ya makato, anayekupa pungufu sana mwache. Wakala wetu alituambia hoteli imelipwa yote. Kaunta tukadaiwa kodi ya utalii, ya kila chumba kwa kila usiku. Si pesa nyingi, ila uliza kabla ili usibishane na mtu wa mapokezi saa tisa usiku kama mimi.

Saa nazo. Tiketi ikiandikwa 00:40 tarehe 12, wewe unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 11. Kwa hesabu yetu ya Kiswahili hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku, na watu wamewahi kuachwa na ndege kwa hilo. Dubai iko mbele yetu kwa saa moja.

Dawa zenye kodeini au tramadol usizibebe bila kibali. Na waambie nyumbani mapema kwamba simu za WhatsApp huko hazipiti, ujumbe wa sauti ndio unapita. Mama mkwe alikaa siku mbili akiamini tumetekwa.

Kilichotupendeza kuliko vyote kiligharimu dirham 1. Ni mitumbwi ya mbao yenye injini, wanaiita abra, inayovusha watu kati ya Deira na Bur Dubai, pande mbili za mkono wa bahari unaoingia mjini. Haina kiyoyozi wala mkanda. Unakaa bega kwa bega na vibarua wanaotoka kazini, upepo wa maji unakupiga usoni. Wifi amekulia Sengerema, kivuko cha Kamanga kule ziwani amekipanda tangu anabebwa mgongoni. Alinyamaza njia nzima. Tulipofika ng'ambo akatoa dirham nyingine mbili, tukarudi tulikotoka, halafu tukavuka tena.