Ufadhili wa masomo ya nyanda za malisho: hela ipo, ila haijaandikwa jina la kozi yako

Mkuu, umesema uko mwaka wa pili, unasoma usimamizi wa nyanda za malisho, na kila tangazo la ufadhili unalofungua ni la udaktari, uhandisi au kompyuta. Nilipita humo humo. Digrii ya kwanza niliimalizia kwa ruzuku mbili ndogo, uzamili nikalipiwa wote, na kabla ya hapo nilikataliwa mara nne. Naandika kirefu, chukua kinachokufaa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta kwa jina la kozi. Ukitafuta "malisho" utaambulia viwili vitatu, halafu utadhani dunia imetusahau. Fedha za fani yetu zimekaa kwenye mafungu yenye majina mengine: uzalishaji wa mifugo, hifadhi ya udongo, mabonde ya maji, wanyamapori, ukame, mabadiliko ya tabianchi. Ruzuku yangu ya kwanza ilitoka kwenye mfuko wa fedha za hifadhi ya udongo. Tangazo halikutaja malisho hata mara moja, ila vigezo vilisema "fani inayohusu matumizi ya ardhi". Nikajiuliza, kuna anayetumia ardhi kubwa kuliko mfugaji? Nikaomba, nikapata.

Pili, vyama vya wataalamu. Kikubwa kwenye fani yetu ni Society for Range Management, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1948. Kwenye mkutano wake wa mwaka wanafunzi hushindana kutambua mimea na kufanya mtihani wa fani, na mtu akikujua pale, barua yako haifiki tena kama ya mgeni. Kuna pia Masonic Range Science Scholarship kwa walio mwanzoni mwa chuo, lakini mwombaji lazima adhaminiwe na mwanachama wa chama hicho au wa vyama vingine vya uhifadhi vilivyotajwa kwenye masharti. Watu wanajaza fomu vizuri kabisa, kumbe mdhamini hawana. Mimi siku hizi nikifungua tangazo naanza na mstari wa nani anatakiwa kusaini, ndipo narudi kusoma mengine.

Sasa barua, maana hapo ndipo nilipopotezea miaka miwili. Barua yangu ya kwanza ilianza: "Tangu utotoni nimependa mazingira." Nikiisoma leo naona aibu. Na nani asiyependa mazingira? Ile iliyonipa uzamili ilianza na fremu ya chuma ya nusu mita kwa nusu mita. Nilieleza jinsi nilivyoitupa shambani, nikakata nyasi zote zilizo ndani hadi usawa wa ardhi, nikazikausha kwenye oveni nyuzi 60 kwa saa 48, nikapima. Wastani ukaja gramu 30. Fremu ile ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo gramu unazidisha kwa 40 kupata kilo kwa hekta: 1,200. Nusu nikaiacha kwa ajili ya mmea wenyewe na udongo, zikabaki 600. Ng'ombe wa kilo 250 hula takribani asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo sita na robo za nyasi kavu, karibu kilo 2,280 kwa mwaka. Gawanya: kila ng'ombe anataka kama hekta 3.8. Eneo nililopima lilikuwa na ng'ombe mmoja kwa kila hekta mbili, yaani karibu mara mbili ya wanaoweza kulishwa hapo.

Halafu nikaandika udhaifu wa hesabu yangu mwenyewe: nilipima mara moja tu, mwishoni mwa mvua, nyasi zikiwa zimeshiba, kwa hiyo hata hizo hekta 3.8 zinaweza kuwa chache. Rafiki yangu alinishauri nikifute kipande hicho, kwamba najichongea. Kwenye usaili walikaa hapo hapo karibu muda wote, wakiniuliza ningepima lini tena na kwa nini. Alama za darasani hawakuzigusa. Kwa hiyo hayo matokeo ya wastani unayoyalilia usiyafanye sababu ya kutoomba. Nenda fildi ukapime kitu, hata kidogo, na uandike tarehe.

Mwaka 2026 Umoja wa Mataifa umeutangaza kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Azimio lilipita 2022, Mongolia ikiwa mstari wa mbele kulisukuma. Utaje kama unakusaidia, ila usifungulie nao barua. Wenzako wote watafungulia huo huo.

Kwa uzamili: programu za masomo ya maendeleo za DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, na Chevening ya Uingereza pia, zinataka uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili. Ukitoka mahafali moja kwa moja kwenda kuomba unajichosha bure. Tafuta kazi, hata ya mkataba, na utunze ushahidi wake.

Kuna mtu atakuja na "nafasi ya uhakika" akitaka kwanza ada ya usajili. Nililipa mara moja. Sitaki hata kukumbuka.

La mwisho ni barua za wahadhiri. Yangu moja ilifika siku moja baada ya mlango kufungwa, na ombi zima likafa nayo, japo mimi nilituma mapema. Mhadhiri hakuwa na ubaya, nilikuwa nimempa siku nne tu na hakujua aandike nini. Tangu hapo nampa wiki tatu, pamoja na karatasi moja yenye jina la mfadhili, tarehe ya mwisho na kazi niliyofanya chini yake, kisha namkumbusha ikibaki wiki moja. Mhadhiri wa kukuandikia wewe ni nani, yule wa mimea au wa mifugo? Yeyote awaye, anza naye wiki hii.