Tilapia ana tumbo kubwa, mgongo mwembamba: kosa liko wapi?

Swali: Daktari, nafuga tilapia kwenye bwawa la udongo huku Mumias. Omena (dagaa) imepanda bei, kwa hivyo nawapa pumba za mahindi na ugali uliolala, nikijua wanga ndio nguvu. Mbona wana matumbo makubwa na mgongo mwembamba?

Jibu: Umefanya vyema sana, dada, kuangalia mgongo. Wengi hutazama tumbo wakafurahi.

Wanga ni nguvu kweli. Lakini samaki hapashi mwili joto kama kuku, kwa hivyo nguvu anayohitaji ni kidogo, na kuni anayoipenda ni protini yenyewe. Akiichoma, naitrojeni hutoka kama amonia kupitia matamvua, ikaingia majini moja kwa moja, bila kazi kubwa. Glukosi, yaani sukari itokanayo na wanga, ndiyo humlemea: hukaa kwenye damu muda mrefu, na inayozidi hugeuzwa mafuta. Mpasue mmoja. Ukikuta mafuta meupe yamezingira utumbo na ini limepauka, hiyo ndiyo pumba yako.

Tilapia ana afadhali. Huvumilia wanga hadi thuluthi ya chakula chake hivi, trauti wa mitoni Mlima Kenya hawezi kiasi hicho. Wanga uliopikwa humeng'enywa vizuri zaidi, kwa hivyo ugali wenyewe hauna hatia. Shida ni kuutegemea peke yake. Pumba za mahindi zina protini kama asilimia 10, na tilapia anayekua anataka karibu 30. Vifaranga wa samaki huhitaji zaidi ya hapo. Kazi ya wanga ni kumpa nguvu ili protini isichomwe, ijenge nyama. Pasipo protini, hakuna cha kuokoa.

Mafuta yana nguvu zaidi ya maradufu ya wanga, lakini usimwagie ya kupikia. Omena tayari ina ya kutosha, na ikinuka mafuta yaliyochacha, iache dukani.

Punguza omena, usiiondoe. Ichanganye na soya iliyokaangwa (mbichi humzuia samaki kumeng'enya protini), mashudu ya alizeti na pumba. Kabla ya kununua gunia, tia konzi ya omena kwenye beseni la maji: mchanga ukitulia chini, unalipia mchanga. Rutubisha bwawa kwa samadi kidogo maji yawe kijani, maana vijimea na vidudu vile ni protini ya bure. Walishe jua likishapasha maji, uache wanapopunguza kasi ya kula.

Omena ikikushinda kabisa msimu huu, ni heri upunguze idadi ya samaki bwawani kuliko kuwajaza pumba.