Bajeti ya elimu imepanda, mbona shule yetu inapata kilekile?

Swali: Ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali, Mbagala. Tuna wanafunzi 1,450. Bungeni wametangaza bajeti ya elimu imeongezeka, lakini akaunti ya shule haijabadilika. Kuna bwana anataka 300,000 atuandikie andiko na kulifuatilia Hazina ili tupate mgao wetu. Tumpe?

Jibu: Ndugu mjumbe, msimpe hata nauli. Hazina haina dirisha la kupokea maandiko ya shule mojamoja, na anayewaambia analo anatafuta riziki kwenu.

Watu kama yeye wanaponea dhana moja: kwamba bajeti ikisomwa Juni, kila shule ina fungu lake ndani ya ile jumla. Haina. Humo mna mishahara ya walimu, mikopo ya wanafunzi wa vyuo, ujenzi na mengine mengi. Ruzuku ya uendeshaji inahesabiwa kwa kichwa: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 hubaki serikalini kununulia vitabu na 6,000 huja shuleni, yaani 500 kwa mwezi. Kwa watoto 1,450 ni 725,000. Umeme wa LUKU, maji, chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichong'olewa, vyote vinasubiri hapo. Na hiyo 10,000 ni ya tangu MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ilipoanza mwaka 2002, dola ikiwa bado haijafika shilingi 1,000. Kiwango chenyewe kisipobadilishwa, jumla ya bajeti ipande ipandavyo, akaunti yenu haitajua.

Fedha za ujenzi nazo zina njia yake. Zile za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilikuja milioni 20 kwa darasa, zikawa za darasa tu. Mwalimu mkuu akizichota kulipia umeme, anajitafutia hoja ya ukaguzi.

Chukueni taarifa ya benki mlinganishe na 725,000 kwa kila mwezi. Ikipungua, angalieni kwanza idadi iliyomo kwenye mfumo wa taarifa za shule: Mbagala watoto huhamia kila wiki, na asiyeingizwa halipiwi. Hilo mwalimu mkuu analirekebisha na ofisi ya elimu ya manispaa. Idadi ikiwa sahihi, basi fedha imechelewa kutolewa. Bunge huidhinisha, Hazina hutoa kadiri makusanyo yanavyoingia; hapo ulizeni kwa maandishi kupitia manispaa.

Madawati na vyoo viingizeni kwenye mpango wa shule, upite kata, ufike halmashauri kabla madiwani hawajapitisha bajeti yao, kwa kawaida Januari au Februari. Temeke, manispaa yenu, ina mapato ya ndani. Mwombeni diwani ayapiganie huko. Mkisubiri hotuba ya Juni mmeshachelewa.

Mtasikia pia ushauri wa kuongeza majina ili ruzuku ipande. Uhakiki wa 2016 uliibua wanafunzi hewa nchi nzima, na wapo walimu wakuu waliovuliwa madaraka. Mshauri hakuguswa, kwa sababu saini yake haikuwepo popote. Ya huyo bwana wenu nayo haitakuwepo: 300,000 ikitoka kwenye akaunti ya shule bila risiti halali, mkaguzi atawauliza ninyi mlioidhinisha.